Mwaka wa Boksi Nne

Tulikuwa tunasuuza masufuria ya msiba wa Bibi Bhoke, mwanzoni mwa mwaka huu, mimi na Nyangi, tumekaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba ambako maji machafu hayawezi kurudi uani, ndipo akaniuliza bila kuinua uso. "Mama mdogo, si ni wewe ulikuwa unapima?" Nikasema ndiyo, nilikuwa napima. "Siku ile mama alikuwa amebakiza boksi ngapi?" Nikamwambia sikumbuki, miaka imepita. Nyangi ana watoto wanne na anavusha vitunguu na ndizi pale Sirari, anajua bei ya kitu kwa kumtazama usoni anayekiuza. Mwanamke kama mimi, mwenye miaka hamsini kasoro na povu mikononi, hawezi kumdanganya. Alisema tu, "Haya," akavuta sufuria jingine. Hakuonyesha hasira wala hakunikazia macho, na nadhani hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi mjini. Nakumbuka vizuri sana. Alikuwa amebakiza moja.

Sitaeleza nilivyofikisha miaka ishirini na tatu nikiwa na cheti cha kidato cha nne na hakuna wa kukitazama. Waliokuwa rika langu Nyamisangura wanaijua habari hiyo kwa moyo, na wasioijua waulize dada zao. Nianzie tu pale nilipoambiwa kwamba mradi wa kazi za muda kwa wasio na kipato umefika kata ya Itiryo, kwamba wanatafuta mtu anayejua kusoma, kuandika na kusema Kikurya, na kwamba huyo mtu angeitwa msimamizi. Neno lenyewe lilinitosha. Nilinunua daftari kwa pesa ya kukopa, nikavaa viatu vya dada yangu, nikaenda. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekuja siku tisa na kuondoka. Mahindi yalisimama urefu wa goti yakageuka rangi ya karatasi ya sukari, na njia nzima niliona watu wamekaa mbele ya nyumba zao saa tatu asubuhi, saa ambayo Mkurya hakai. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila nikiikumbuka ile furaha yangu nashika uso.

Nilipangiwa kukaa kwa Bibi Bhoke kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na kilima cha moramu na haikuwa na mwanaume wa kunisumbua. Ilikuwa nyumba ya udongo na bati, vyumba vitatu, ukuta wa kati ukiishia usawa wa kichwa, kwa hiyo kilichosemwa sebuleni kilisikika chumbani na kilichosemwa chumbani kilijibiwa kutoka jikoni. Nililala chumba kimoja na Robhi na watoto wake watatu. Nyangi ndiye alikuwa mkubwa, ana miaka sita, alikuwa akilala amening'iniza mkono chini ya kitanda cha kamba kana kwamba anashika kitu. Robhi alikuwa mke wa Bibi Bhoke. Kwetu hilo halihitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa mbali niseme: bibi hakujaliwa mtoto, mumewe alishafariki, alikuwa na ng'ombe, akatoa ng'ombe akaoa msichana ili nyumba isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto anaozaa yule mke ni wa nyumba hiyo, na baba yao hakuna mwenye adabu atakayemuuliza. Robhi alikuwa na mimba ya nne wakati ule, ya miezi mitano, na alikuwa na kicheko kikubwa kilichomtangulia mlangoni.

Siku ya kwanza, tukila ugali wa mtama na mlenda, walinihadithia walivyoandikishwa. Karani aliyepita nyumba kwa nyumba alikuwa kijana wa mkoa wa mbali, mpole, amevaa kofia ya mradi. Alimuuliza Robhi, "Umeolewa?" Robhi akajibu ndiyo. "Mume wako anaitwa nani?" Robhi akasema ukweli wake: "Bhoke." Yule kijana hakujua kwamba Bhoke ni jina la kike, akaandika mume, Bhoke, mwenye nguvu za kufanya kazi, akaaga. Watoto walicheka mpaka mlenda ukawatoka puani. Nami nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma kanuni za mradi ndani ya basi. Kaya isiyo na mwanaume, mjamzito wake alipewa kazi nyepesi, kuteka maji au kulea kivulini watoto wa wachimbaji, kwa ujira uleule. Kaya yenye mwanaume haikupewa nafasi hiyo, maana mwanaume angekwenda kuchimba yeye. Nikasema, "Bibi, tukabadilishe ile fomu." Bibi Bhoke akaweka tonge chini.

"Wabadilishe waandike nini?"

"Kwamba wewe si mume."

"Ng'ombe alitoa nani?"

"Wewe, bibi."

"Watoto hawa wanaitwa kwa jina la nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi wameandika kweli. Ni mara ya kwanza serikali inaandika kweli juu yangu, na wewe mtoto wa mjini unataka kuifuta." Robhi alicheka, akapiga paja lake, akasema yeye anaweza kuchimba na mimba hata za watoto wawili. Niliacha. Ningeweza kwenda ofisini peke yangu, ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, lakini nilijiambia kwamba si vizuri kumvunjia heshima mwenye nyumba. Ninajua sasa kwamba nilikuwa naona uvivu wa kutembea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba moramu pembeni mwa kilima, kwa ajili ya barabara ya kwenda ofisi ya kata. Kila mshiriki alipewa boksi la mbao nne zisizo na kitako wala kifuniko; unaliweka chini, unalijaza moramu mpaka ukingoni, msimamizi anakuja anapitisha ubao juu, ananyanyua boksi, lundo linabaki. Boksi mbili ndiyo ilikuwa siku moja ya ujira. Ujira wa siku ulitosha kilo mbili za mahindi na chumvi kidogo. Mtu aliyepata kibarua cha kupalilia huko Turwa alipata karibu mara mbili ya huo, na mchana akala, ila mwaka ule palizi hazikuwepo kwa kuwa hapakuwa na cha kupalilia. Watu walikuwa thelathini. Nilitegemea kuona watu thelathini wakijaza maboksi thelathini, kila mmoja na lake, kama picha iliyokuwa kwenye kitabu cha mafunzo. Nilichokiona kilinifanya nisimame na daftari langu kama mjinga. Waliyapanga maboksi yote mstari mmoja, wakaenda wote kwenye boksi la kwanza, ambalo lilikuwa la mama mmoja mzee asiyeona vizuri, wakalijaza kwa dakika chache huku wakiimba, wakaenda la pili, la mwenye mguu mbaya, la tatu likawa la Robhi. Walianza na wasioweza wakamalizia na wenye nguvu. Ilikuwa risaga. Ndivyo watu wa kule wanavyolima tangu zamani, shamba lako leo, langu kesho, hakuna anayelipwa, mwenye shamba anapika na kutengeneza kinywaji, na asiyetokea kwa mwenzake anajua kitakachompata kwake. Mradi uliwaletea ujira wa mtu mmoja mmoja, wao wakaupokea na kuendelea kufanya kazi walivyojua. Ilipofika saa tano maboksi sitini yalikuwa yamejaa na watu wanakung'uta mavumbi waende wakatafute kuni.

Nilijivunia kupita kiasi. Nimekutana na watu wengi wa vyeo tangu wakati huo, na nimegundua kwamba anayesimamia kazi ya wengine huanza mapema sana kuiita yake. Wiki ya pili Mratibu wa mradi alikuja kutoka wilayani kukagua, na Bibi Bhoke akachinja kuku mmoja kati ya wawili waliobaki, maana mgeni ni mgeni. Mratibu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, sauti ya chini, alinawa mikono vizuri, akamwamkia bibi shikamoo kabla hata hajaketi, akakataa paja la kuku akataka lipelekwe kwa watoto. Nasisitiza haya kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kumtafutia pembe na sijaziona. Tulikula sebuleni sisi watatu. Robhi alikuwa jikoni, nyuma ya ule ukuta mfupi, anasonga ugali wa pili. Mratibu aliniuliza kazi inakwendaje. Nikasema inakwenda vizuri sana, watu wangu ni hodari. "Wanamaliza saa ngapi?" Nikasema, "Saa tano. Siku nyingine saa nne na nusu wamemaliza." Nikacheka. Ukutani kule mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Mratibu hakucheka. Alitafuna polepole, akafuta vidole, akasema, "Saa tano." Kisha akanieleza kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi anayempenda. "Unajua kwa nini ujira huu ni mdogo, Ghati? Watu wanasema ni ubahili. Si ubahili. Ukiweka ujira mzuri, kesho utamwona mwenye ng'ombe hamsini naye ameshika koleo. Ukiuweka chini ya bei ya kibarua, asiye na shida hatakuja. Maskini wanajichuja wenyewe. Sasa mtu akilipwa siku nzima kwa kazi ya saa tatu, ujira umekuwa mkubwa bila sisi kuupandisha. Unaona?" Nikasema naona. "Ujira siwezi kuugusa, unatoka juu. Lakini kipimo tumeachiwa sisi." Bibi Bhoke, ambaye Kiswahili cha maofisa kilimpita kama upepo, aliniuliza kwa Kikurya mgeni anasema nini, kama amekosa chumvi. Nikamwambia anasifu kuku.

Ningeweza kusema pale pale kwamba hawamalizi saa tano kwa sababu kazi ni ndogo, wanamaliza saa tano kwa sababu wanabebana, na ukiwatenganisha kuna watu kumi watakaokuwa bado wanachimba jioni. Nilikuwa na maneno hayo yote. Lakini nilikuwa nimetamka "watu wangu ni hodari" na nilitaka yabaki hivyo, na pia, niseme bila kuficha, nilikuwa nimesikia kwamba mradi utaajiri wasimamizi wa kudumu. Jumatatu iliyofuata barua ikaja. Boksi nne kwa siku, ujira ule ule. Kila mshiriki ajaze boksi lake mwenyewe mahali pake mwenyewe, msimamizi ahakikishe hakuna kujaziana. Asiyetimiza siku hiyo hapati ujira wake, na asiyetimiza siku tatu mfululizo anaondolewa, nafasi anapewa mwingine. Niliisoma kwa sauti pale shimoni. Marwa, mzee mmoja mwenye meno matatu na matusi mengi, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu, aliniuliza, "We binti, hao walioandika hivi wamewahi kuona moramu?" Nikamwambia mzee wangu, mimi nimetumwa. Akasema, "Najua umetumwa. Nauliza walioko huko." Robhi alichukua boksi lake akaenda kulitafutia mahali.

Mahali palikuwa jambo kubwa kuanzia siku hiyo. Juu ya kilima moramu ilikuwa ngumu, inagonga sururu inarudi. Chini, karibu na sakafu ya shimo, kulikuwa na tabaka legevu lililokatika kwa jembe tu. Zamani, walipofanya kwa pamoja, vijana wenye nguvu walipanda juu wakaporomosha ile ngumu, wazee wakaizoa. Sasa kila mtu alikuwa na boksi nne na jua moja, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuporomosha kitu ambacho kingezolewa na mwingine. Wote waliingia chini. Baada ya wiki moja kilima kilikuwa kimeliwa miguuni, kifua chake kimetokeza mbele juu ya vichwa vya watu. Mchana kilitoa kivuli, na watu walikishukuru kile kivuli. Ng'ombe wa kijiji walikuwa na njia yao ya kwenda mtoni iliyopita juu kabisa ya shimo, njia ya miaka. Asubuhi moja niliona wamesimama. Mchungaji aliwapiga, wakamgeukia, wakakataa, wakashuka kwa kuzunguka upande wa pili kupitia miiba. Kesho yake vilevile. Nikapanda kutazama na nikaona ufa, mwembamba, unaopita katikati ya majani makavu kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Niliweza kuingiza kidole.

Nilimwita Marwa. Akautazama muda mrefu, akateremka, akatazama kifua cha kilima kutoka chini. "Huko dhahabuni nikiona hivi huwa naondoka."

"Mbona huondoki?"

"Huko nilikuwa na nauli."

Nilipanda kwenye jiwe ambapo simu ya mradi ilishika mtandao nikampigia Mratibu. Alinisikiliza. Alisema nimefanya vizuri sana kumwarifu, atamtuma fundi, na wakati huo niwaambie wachimbe kwa ngazi kutoka juu kuja chini, ndiyo kanuni ya usalama, ipo ukurasa wa kumi na nne. Nikashuka nikawaambia wachimbe kwa ngazi kutoka juu. Walinitazama kwa huruma. Mama mmoja akauliza, "Kwa boksi nne?" Wakainama wakaendelea. Fundi hakuja wiki ile wala iliyofuata. Mimi niliendelea kupitisha ubao juu ya maboksi na kuweka alama za vema.

Nyumbani chakula kilibadilika bila mtu kutangaza. Ugali wa mtama ukachanganywa na muhogo, kisha ukawa muhogo mtupu, kisha ukawa uji. Robhi alikuwa akinywa wake amesimama, ameegemea ukuta, kwa sababu akikaa mgongo ulikataa kunyanyuka. Kicheko hakikumwisha lakini kilianza kuchelewa. Unatania, unasubiri, ndipo kinakuja. Jioni moja kabla ya giza nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza na Bibi Bhoke. Bibi alikuwa anasema acha, ukae, mimi nitakwenda nikachimbe, si nimeandikwa mume? Robhi akamwambia, "Utajaza nini na mikono hiyo? Siku ya tatu tu tumetolewa." Bibi akasema tutolewe. Robhi akasema, "Mpaka mavuno, mama. Jina likae mpaka mavuno tu. Hawa watoto hawawezi kula heshima yako." Nyangi alikuwa pembeni yangu anachora chini kwa kijiti, naye alisikia kila neno. Nikajua pale kwamba bibi ameshaelewa ile fomu ilichofanya, na hakuna kati yetu watatu aliyelitaja tena.

Wiki ile Jumanne Robhi alipata boksi tatu. Jumatano tatu. Alhamisi ikawa siku ya tatu. Saa nane mchana watu wengi walikuwa wanaingiza moramu ya boksi la nne, wengine wamemaliza wamekaa. Robhi alikuwa amemaliza la tatu. Nilimsogelea kama mtu anayekagua, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Kaa. Nitaandika nne."

"Watu wanaona."

"Waone."

"Unalala kwangu, unakula kwangu. Watasema nimekununua kwa ugali. Na aliyetoka jana kwa kukosa boksi moja atasema nini? Atakwenda kukusemea, na wewe utoke, na mimi nitoke."

"Robhi, kaa chini."

"Kwenye risaga walikuwa wananijazia nami nikawapikia. Hii yako ni ya kuiba. Futa."

Nilikuwa nimeshaandika. Nilifuta mbele yake, na nilijisikia nimetukanwa. Mimi niliyekuwa nahatarisha kazi yangu kwa ajili yake, naambiwa mwizi. Nikasema, "Basi, jaza." Ni maneno mawili tu. Sikuyapaza. Niliyasema kama mtu anavyomwambia mtoto aliyekataa chakula, basi lala na njaa. Nikaenda kwenye kivuli cha mti wa pembeni, nikafungua chupa ya chai, nikampa mgongo, wengine wakitoka shimoni mmoja mmoja. Sauti niliyoisikia haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amemwaga gunia la mahindi sakafuni. Halafu vumbi likaja likanipita, na nilipogeuka kile kifua cha kilima hakikuwepo.

Walikuwa wametoka wengine wote. Alibaki yeye, kwa sababu wengine walikuwa wametimiza, au siku yao ya tatu ilikuwa haijafika. Watu ishirini na tisa waliingia pale na majembe, kisha wakatupa majembe kwa kuogopa kumkata, wakazoa kwa mikono, kwa karai, kwa khanga. Hakuna aliyegawa kazi. Waliokuwa hawawezi kunyanyua boksi moja niliwaona wakinyanyua mawe. Yule mama asiyeona vizuri alikaa mstarini akipokea karai na kupitisha, karai na kupitisha. Nami nilizoa, kucha zikatoka mbili, sikuzisikia. Tulimfikia jua likiwa linakaribia kuzama, ameinama, mkono mmoja juu ya tumbo. Marwa alimfunga uso kwa koti lake, akatukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena, akalia kwa sauti ya juu kama mtoto.

Mratibu alikuja siku ya tatu baada ya maziko. Macho yake yalikuwa mekundu na sidhani aliigiza. Alisimama mbele ya lile lundo tulilolitoa, akalitazama, na kwa mazoea tu akapiga hatua kuzunguka akilipima. Lilikuwa moramu ya wiki nzima. Baadaye lori lilikuja likaichukua ikamwagwa barabarani. Siku ya malipo, chini ya mkwaju wa shule ya msingi, alitangaza kwamba ile siku ya maporomoko kila mtu atalipwa, hakuna atakayeulizwa boksi, hilo ni agizo lake mwenyewe na yuko tayari kulijibia. Akaanza kuita majina. Wa kwanza alikuwa Marwa. Marwa alisogea mezani akasema, "Hiyo siku toa."

"Siku gani, mzee?"

"Unaijua. Hiyo ilikuwa risaga. Risaga hailipwi."

Mratibu alinitazama nimtafsirie, ingawa kilikuwa Kiswahili. Wa pili akasema toa. Wa tatu akasema toa. Mama asiyeona vizuri alishikwa mkono mpaka mezani, akahesabiwa, akasukuma noti za siku ile zikarudi. Watu ambao asubuhi ile watoto wao walikunywa maji yenye chumvi. Bibi Bhoke alikuja mwisho, akapokea siku za Robhi alizotimiza, akasema hivyo hivyo. Ilipokwisha, Mratibu alikuwa na fungu la noti mbele yake na mstari mtupu kwenye karatasi yake ya mahudhurio, mstari ambao hauruhusiwi kuwa mtupu. Akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Ghati, hii siku niiandikeje? Nikiandika walikuwepo, lazima niwalipe." Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nataka ile meza iondoke machoni mwangu. Nikasema, "Andika hawakuja." Akaniachia kalamu, nikaandika mwenyewe, majina yote thelathini, la Robhi lilikuwa la kumi na saba. Hakuja. Langu halikuwa kwenye karatasi ile; msimamizi ana karatasi yake. Nilisaini siku zote za mwezi na nikapokea ujira wa siku zote, na siku ile ikiwemo. Hakuna aliyeniona nikiipokea kama kitu cha ajabu, na mimi mwenyewe sikushtuka.

Marwa ndiye aliyesema bibi aombe kitu ofisini, kwa kuwa mtu amefia kazini. Barua nikaiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Jibu lilichukua majuma matano. Nilikuwa nafunga mizigo yangu, mradi umesimamishwa kilimani, nimeambiwa nisubiri kuitwa. Bibi Bhoke aliniletea ile bahasha sebuleni akakaa mbele yangu, Nyangi amesimama nyuma yake ameshika bega lake. Niliisoma kwanza kimya, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokiandika chini ya mkwaju. Nikatamani kumsomea kitu kingine, kwamba wanafikiria, kwamba asubiri. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwenye sebule ileile, juu ya kuku. Nikamsomea kwa Kikurya, neno kwa neno: ofisi inatoa pole, ila kwa mujibu wa mahudhurio, siku iliyotajwa hakuna mshiriki hata mmoja aliyekuwepo kazini, aliyehudhuria ni msimamizi peke yake.

Aliniomba nirudie pale mwisho. Nikarudia. Hakuuliza nani aliandika, na mpaka leo sijui kama alijua. Alikuwa ameikunja mikono mapajani, ananitazama bila ubaya wowote, anatafuta kuelewa, kama alivyokuwa akinitazama nilipomfasiria maneno ya wageni.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili tu, wewe na Robhi."

"Ndivyo inavyosema, bibi."

"Sasa mbona hukumtoa?"